Gari likizima njiani, lipime kabla halijapoa

Barua tulizozichagua mwezi huu zinahusu jambo moja: gari la zamani linalozima lenyewe au linalogoma kuwaka. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, maana yaliyomo yanamgusa kila mwenye Toyota ya miaka ya 1990.

Linazima likipata moto, likipoa linawaka

*Mafundi wetu, habari za kazi. Nina Toyota Corolla ya 1994, injini 4A-FE, naifanyia kazi ya spesho (teksi ya kukodi) hapa Masaka. Asubuhi inawaka bila shida. Nikiwa na abiria wa Kampala, nikishapita Lwera inaanza kusita, na karibu na Kayabwe inazima. Stata inapiga kwa nguvu lakini haiwaki. Nikikaa nusu saa inawaka kama vile haikuwa na neno. Fundi alisikiliza, akasema pampu ya petroli imekufa, tukanunua nyingine. Akabadilisha plagi zote nne. Juzi kaniambia ninunue betri. Nisaidieni kabla sijatoa hela tena. — Dereva, Masaka*

Ndugu dereva, hela ya betri kaa nayo. Stata inayopiga kwa nguvu inakuambia kwamba betri haina kosa. Na ile pampu mliyoitoa huenda ilikuwa nzima.

Kwenye Toyota nyingi za umri huo, ukiweka ufunguo ON bila kupiga stata, pampu haifanyi kazi. Inaamka stata inapopiga, kisha inaendelea kwa sababu kompyuta ya injini inaona injini inazunguka. Inaonaje? Ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawia plagi cheche, mna koili ndogo za waya mwembamba sana, zinazotoa ishara mhimili unapozunguka. Ishara ikikatika, kompyuta inafunga nozeli zinazonyunyizia petroli na kuikata pampu palepale, ili gari likipata ajali petroli isiendelee kumwagika. Basi fundi akifika, akaweka ufunguo ON na kutega sikio kwenye tenki, atakuta kimya. Kimya hicho ni cha kawaida, lakini pampu nyingi nzima zimetupwa kwa ajili yake.

Jambo la pili ni hili: ugonjwa wa gari lako una saa yake. Unaonekana kwa dakika 20 au 30 injini ikiwa ya moto, halafu unajificha. Gari likiletwa gereji limeshapoa, hata fundi hodari atabahatisha. Vipimo vifanywe palepale Kayabwe, likiwa bado limegoma. Kwa hiyo weka kwenye buti plagi moja nzima, multimita (mita ya kupimia umeme) ya bei nafuu, kipande cha waya cha sentimita 15 kilichochunwa ncha zote mbili, kitambaa na chupa ya maji.

Likizima, lisogeze kando, weka pembetatu zako, kisha weka ufunguo ON na utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Lazima iwake. Isipowaka, kompyuta yenyewe haipati umeme, na hakuna haja ya kugusa kitu kingine kabla ya kukagua fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyizia petroli kwa kompyuta) ya ampea 15, rilei kuu ya EFI (swichi inayovutwa kwa umeme) na swichi ya ufunguo. Swichi huchoka kwa ndani, hasa ikiwa imebebeshwa rundo la funguo za nyumbani miaka yote. Tikisa ufunguo taratibu ukiwa ON. Taa zikipepesa, umepata chanzo.

Taa ikiwaka, tafuta cheche. Kwanza nusa chini ya boneti: pakiwa na harufu ya petroli mbichi, kipimo hiki usikifanye. Kama hakuna harufu, chomoa soketi za nozeli zote nne ili silinda zisijae petroli. Chomoa waya wa plagi mmoja, uvike ile plagi ya akiba, uilaze juu ya chuma cha injini igusane nacho vizuri. Usiishike kwa mkono. Mwenzako apige stata sekunde mbili. Cheche nzima ni ya buluu, nene, na unaisikia ikilia. Ya rangi ya chungwa, nyembamba kama uzi, ni dhaifu na haitoshi silinda iliyojaa hewa iliyobanwa.

Kisha petroli. Chini ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Fungua kifuniko; majina ya matundu yamechapwa upande wa ndani. Unganisha Fp na +B kwa kile kipande cha waya, ufunguo ukiwa ON. Soma majina mara mbili kabla ya kuchomeka, kwa sababu tundu lisilo lake linaweza kuharibu kompyuta. Sasa pampu inapewa umeme bila kuingojea kompyuta. Finya mpira wa petroli unaotoka kwenye chujio: ujae na uwe mgumu chini ya vidole, na usikie petroli ikichuruzika kurudi tenki. Ukimaliza, toa waya.

Kwa dalili ulizoandika, tunatazamia utakuta petroli ipo na cheche haipo. Hapo usimruhusu mtu yeyote kuchomoa betri! Mafundi wengi ndilo jambo lao la kwanza, na wakishalifanya, kumbukumbu ya kompyuta imefutika. Unganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi kilekile, ufunguo ON, na uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mwako mmoja, kituo, miwako miwili: hiyo ni 12. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ukipata 12 au 13, ishara ya mzunguko kutoka distribyuta inapotea. Ukipata 14, kompyuta inaamuru cheche lakini haipati jibu, na lawama iko kwa ignaita (kiboksi kinachoipa na kuikatia koili umeme), koili kubwa ya cheche au nyaya zake.

Kwa 12 au 13, chomoa soketi ya distribyuta na pima ukinzani wa zile koili ndogo likiwa moto. Andika. Pima tena likishapoa. Tofauti ndogo ni desturi ya shaba, kwani joto huongeza ukinzani wake. Ila mita ikionyesha waya umekatika likiwa moto, na likipoa unasoma tena, umemkamata mwizi. Waya huo umepasuka mahali fulani. Chuma kikitanuka kwa joto ncha zinaachana, kikipoa zinagusana.

Kwa 14, tafuta ignaita. Ni kiboksi kidogo cha aluminiamu, kwa kawaida karibu na koili. Lowesha kitambaa, kikamue, kiweke juu ya kiboksi hicho dakika tatu. Usimwage maji, na distribyuta usiilowanishe. Gari likiwaka mara baada ya hapo, wakati kwa kawaida hungoja nusu saa, ignaita inakufa kwa joto. Kabla ya kununua nyingine, fungua skrubu zake, piga msasa mahali inapokaa mpaka chuma king'ae, na uifunge tena kwa nguvu. Nyingi hupata athi (njia ya umeme kurudi betri) kupitia chuma hicho, na hupoozwa nacho pia. Kutu peke yake inatosha kuleta matatizo uliyoyaeleza.

Ikibidi ununue distribyuta ya mtumba Kisekka, soko la vipuri Kampala, kumbuka kwamba ina umri sawa na hiyo yako. Nenda na mita. Pima koili za ishara juu ya meza ya muuzaji, kisha omba ipashwe kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika chache na upime tena. Muuzaji anayekataa kipimo cha namna hiyo, mwache na bidhaa yake. Ukishaifunga, taimingi (wakati wa cheche kuruka) irekebishwe kwa taa ya taimingi, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa: nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu.

Kama mambo ni kinyume, cheche ipo na petroli haipo, fungua kifuniko cha tenki kabla ya yote. Kikivuta hewa kwa mlio mrefu na gari likawaka, tundu la kupumulia limeziba na tenki lilikuwa linanyonya dhidi ya pampu. Vinginevyo ni chujio, rilei ya pampu, au pampu yenyewe ikipata moto. Fundi mwenye geji asome presha: psi 38 hadi 44 mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya petroli. Na punguza tabia ya kujaza lita mbili mbili. Pampu imo ndani ya tenki na hupoozwa na petroli inayoizunguka. Tenki likiwa tupu kila siku, hiyo mpya nayo haitadumu.

Asubuhi ya baridi ni mapambano

*Mafundi, mimi ni mwalimu Kabale. Toyota Carina yangu ya 1995 asubuhi naipigia stata mara tano, sita, mpaka betri inachoka. Ikishawaka na kupata moto, siku nzima haisumbui. — Mwalimu, Kabale*

Mwalimu, Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni baridi. Injini baridi inataka petroli nyingi zaidi, na anayeiambia kompyuta kwamba kuna baridi ni sensa ya joto la maji, ile ndogo yenye nyaya mbili karibu na thamostati. (Nyingine yenye waya mmoja ni ya geji ya dashibodi, usizichanganye.) Waya wa sensa ukikatika, kompyuta inajipa jibu lake kwamba maji yana nyuzi 80 na inatoa petroli ya injini ya moto. Ndiyo maana mchana huoni shida. Soma miwako kama tulivyoeleza juu. 22 ndiyo namba ya sensa hiyo.

Lakini sensa inaweza kudanganya bila kukatika, na hapo kompyuta haiandiki kosa. Asubuhi kabla ya kuwasha, chomoa soketi yake na upime ukinzani. Kwa nyuzi 20 usome omu 2,000 hadi 3,000, na kwa baridi ya alfajiri uzidi hapo. Injini ikiwa na nyuzi 80, iwe omu 200 hadi 400. Ukikuta 400 asubuhi, badilisha.

Sensa ikiwa nzima, jaribu hivi: unganisha Fp na +B, ufunguo ON kwa sekunde 10, toa waya, piga stata. Likikamata mara ya kwanza, presha ya petroli inarudi tenki usiku kupitia vali ndogo iliyomo ndani ya pampu, au nozeli inavuja. Kutofautisha, toa plagi asubuhi kabla ya kupiga stata: iliyolowa na kunuka petroli inaonyesha nozeli ya silinda hiyo inadondosha. Zikiwa kavu zote, tazama vali ya pampu.

"Tak" moja, basi

*Nikigeuza ufunguo nasikia tak, hakuna kingine. Taa zinawaka vizuri. Vijana wananisukumia, inawaka. Wameniambia stata nzima ibadilishwe. — Mama mwenye duka, Tororo*

Mama, pole kwa kusukumwa kila siku. Pengine huhitaji stata nzima. Ile tak ni swichi ya stata ikivutwa, kwa hiyo ufunguo na waya wake mdogo vinafanya kazi. Ndani ya swichi hiyo mna vipande viwili vya shaba vinavyopaswa kuguswa na kipande cha tatu ili umeme mkubwa upite. Kwenye stata za Toyota shaba hizo huliwa upande mmoja mpaka hazigusani. Taa zako haziwi hafifu kwa sababu umeme mkubwa haupiti kabisa. Vipande hivyo huuzwa peke yake.

Ila kwanza fundi apime, asikisie. Vichwa vya betri vifunguliwe, hasi ikitangulia, vioshwe kwa maji ya moto ule unga mweupe utoke, vikaushwe, vifungwe. Kisha mita iwekwe volti 20 za DC: ncha moja juu ya risasi ya kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye boliti nene ya stata inayopokea waya wa betri. Wewe ugeuze ufunguo. Namba itakayoonekana ni volti zinazopotea njiani, zikizidi 0.5, waya huo unakula umeme na stata haina kosa. Upande hasi, kutoka kichwa cha betri hadi chuma cha injini, zisizidi 0.3. Na betri yenyewe: ikitulia iwe na volti 12.6; ikiwa 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 9.6 stata inapopiga, imechoka. Pande zote zikiwa safi na bado ni tak tu, afungue stata, hasi ya betri ikiwa imechomolewa.

Foleni inaniua

*Barabarani inakimbia. Nikifika kwenye taa za Jinja Road nikiachia pedali, inazima. Nikiwa nimewasha AC ndiyo kabisa. — Kampala*

Hewa inayohitajika wakati pedali imeachiwa hupita kwenye njia nyembamba ya vali ndogo chini ya throtoli (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali), na njia hiyo imejaa masizi. Fungua throtoli, safisha bamba na tundu la vali hiyo kwa dawa ya kusafishia kabureta na mswaki laini, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kagua pia mpira mnene wa hewa kati ya chujio na throtoli; upinde ili nyufa za chini zionekane. Injini ikipata moto, AC ikiwa imezimwa, mshale utulie kwenye mizunguko 700 hadi 800. Fundi akitaka kuzungusha skrubu inayozuia bamba la throtoli ili mizunguko ipande, mkatalie. Skrubu hiyo iliwekwa kiwandani, na ukiigusa unaficha uchafu tu.

Hiace ya dizeli baada ya kubadilisha chujio

*Hiace yetu injini 3L ilibadilishwa chujio la dizeli. Iliwaka dakika moja, ikazima, na tangu hapo haiwaki. — Arua*

Hewa imeingia. Dizeli husukumwa kwa presha kubwa, na hewa hubanwa tu ndani ya bomba bila kufungua nozeli. Juu ya nyumba ya chujio pana kitufe cha pampu ya mkono: kibonyeze mara 30, hata 50, mpaka kiwe kigumu kabisa. Kisha legeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili kwa nusu mzunguko, piga stata mpaka dizeli itoke bila povu, kaza. Uso na mikono viwe mbali. Dizeli ya presha ile hupenya ngozi. Kitufe kikikataa kuwa kigumu, hewa inaingia mahali: mara nyingi mpira wa chujio la zamani umebaki juu na jipya limefungwa juu yake, au mpira wa kurudi tenki umepasuka.

Dizeli ikitoka vizuri na bado inagoma, geuza ufunguo ON na usikilize pampu ya dizeli: solenoidi yake (vali ya umeme) iliyo na waya mmoja inatoa mlio mdogo inapofunguka. Bila mlio, pima kama inafikiwa na volti 12. Na kama mnanunua dizeli ya jerikeni, legezeni skrubu iliyo chini ya chujio kila wiki, mwage kwenye chupa ya kioo na kuitazama. Maji hutulia chini, dizeli huelea juu yake.

Maji ya Bwaise

*Nilipita kwenye mafuriko ya Bwaise, maji yakafika kwenye bampa, gari likazima katikati. Nilijaribu stata ikagonga ikakwama. — Kampala*

Usiipige tena, wala usikubali kusukumwa gia ikiwa imeingia. Stata kukwama ghafla namna hiyo ni dalili ya maji ndani ya silinda. Maji hayabaniki, na kinachopinda ni fito za pistoni. Fungua chujio la hewa. Karatasi ikiwa imelowa, toa plagi zote, chomoa soketi za nozeli na za cheche, kisha piga stata sekunde chache maji yaruke nje. Simama kando. Chota oili kwa kijiti chake: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage na chujio lake lote kabla injini haijawashwa. Kama chujio la hewa ni kavu na stata inazunguka huru, shida ni ya juu tu: fungua kifuniko cha distribyuta, kifute kwa kitambaa kikavu ndani na nje, na ukitazame juani. Ukiona mistari myeusi myembamba kama nywele kati ya nguzo za shaba, cheche imeshajichimbia njia, na kufuta hakutasaidia. Nunua kifuniko kipya na rota yake, kile kipande kinachozunguka ndani.